Diski Mbili za Tumbo Moja

Ukimtafuta Hamido Atumane pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, huna haja ya kuuliza nyumba. Simama njiani, tega sikio. Mtu anayetembea akilia kiunoni kama mbuzi aliyefungwa njuga, ndiye huyo. Alikuwa na ufunguo wa duka, wa stoo, wa vyumba vya wapangaji, wa kasha la bati, wa kabati la sukari, na funguo nyingine ambazo makufuli yake yalikwisha kuoza zamani lakini hakuwa na moyo wa kuzitupa. Mkewe, Rachida, alikuwa akisema kwamba siku Hamido akifa wazikaji watapata tabu, maana watakuta kaburi limefungwa kwa ndani. Rachida alikuwa na mdomo, na alistahili kuwa nao, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akisimama mbele ya lile kabati kuomba sukari ya chai yake mwenyewe.

Zamani Hamido aliuza sabuni, chumvi na mafuta ya taa yaliyovushwa Rovuma kutoka Mtwara. Kisha ikagunduliwa gesi. Gesi yenyewe hakuna aliyeiona. Ilikuwa chini ya bahari, mbali huko, na watu wa Palma walichokiona wao ni magari meupe, fulana za kung'aa na bei ya samaki. Wageni wakatafuta pa kulala. Hamido akafyatua matofali, akajenga vyumba nyuma ya nyumba, akavitia makufuli mapya na kuanza kujiita mwekezaji. Ukimuuliza hali, hakusema tena "Alhamdulillahi" peke yake. Alisema, "Alhamdulillahi, tunaendelea na mradi." Mradi ulikuwa wa watu wengine, lakini mtu akiishi karibu na moto huanza kuuita jiko lake.

Rachida naye alikuwa na kazi, tena kazi ya heshima. Alipiga video za harusi, upande wa wanawake. Huo ni upande ambao mwanamume hatii mguu wala jicho. Wanawake hujifungia uani, ushungi unavuliwa, nywele zinaachwa wazi, ngoma inalia, na yanayochezwa humo yanabaki humo. Kabla ya Rachida harusi ziliisha na wenyewe wakabaki na kumbukumbu tu. Alipopata kamera, wakaanza kumwita kutoka Quionga mpaka Mbau, na mara moja walimpeleka hadi Quiterajo, akarudi na kuku wawili na sauti imemkauka.

Sasa, katika video zote za Rachida, moja ilikuwa na thamani ambayo Hamido asingeibadilisha kwa kisima cha gesi. Ilikuwa harusi ya Saquina, dada yake wa mwisho, iliyofanyika kwa mama yao, katika kijiji kidogo cha kule rasini. Mama yao, Bi Sabina, alikuwa muimbaji. Wanawake walisema akianza yeye hata wagonjwa walisimama. Siku ile alianza yeye, na Rachida alikuwa na kamera.

Hamido hakuona kitu. Alikuwa nje, amekaa juu ya kiti mbele ya mlango wa chumba cha mchele, ameufunga kwa kufuli na ufunguo ameushika mkononi, asije mtu akachota kabla ya wakati. Kutoka uani alisikia vigelegele na vicheko. Vicheko vilikuwa vingi kupita kiasi, vya watu kuangukiana. Akajisemea kwamba wanawake hawana haya, akaukaza ufunguo.

Mwaka haukupita, Bi Sabina akafariki. Akazikwa kule kule rasini. Baadaye kampuni ikaja, watu wakahamishwa, uzio ukapita, na kaburi la Bi Sabina likabaki upande wa ndani. Hamido akitaka kumsomea mama yake Fatiha, alitakiwa kuomba kibali, kuvaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa, kisha kusindikizwa na kijana mwenye redio aliyekuwa akitazama saa. Mara ya kwanza alipopiga magoti pale na kofia ikamdondokea usoni, alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Kibali cha mara ya pili hakikutoka.

Kwa hiyo mama yake alibakia katika ile video. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani. Na Hamido, aliyekuwa mkali kuliko shehe katika suala la upande wa wanawake, hakuitazama hata mara moja, kwa kuwa ndani yake walikuwamo wake za watu wakiwa vichwa wazi. Alikuwa na mpango kwamba siku moja sauti itolewe, picha iachwe, naye akae asikilize. Siku hiyo haikuwa na tarehe. Ilimtosha kujua kwamba kitu kipo, na kwamba kimefungwa.

"Sauti ya mama iko," alikuwa akimwambia Rachida, akiipigapiga kompyuta iliyohifadhi ile video kama mtu anayemtuliza ng'ombe. "Haiendi popote."

Jambo jingine lilianza siku zile, ambalo Hamido hakulitilia maanani. Akipita mbele ya wanawake, mmoja wao angeimba chinichini, "Haina ukuta, haina ukuta," na wenzake wangejifunika nguo mdomoni. Yeye alidhani ni wimbo mpya wa redio ya Mtwara. Ukamkaa. Akawa anaupiga mbinja kila anapofunga milango jioni, na kadiri alivyoupiga ndivyo wanawake walivyoshika mbavu. Akaamini kwamba ana kipaji cha mbinja.

Katika vyumba vyake alipanga injinia mmoja kutoka Maputo, jina lake Alberto, mtu mpole mwenye miwani. Alberto alikuwa na kisanduku cheusi cha kuwekea mafaili, cha matundu mawili. Ukitia diski mbili humo na kukiunganisha na mtandao wa nyumba, kila simu, kompyuta na televisheni ya nyumba ile inaweza kuchota kilichomo, na kila unachokiandika kinaandikwa kwenye diski zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki nacho. Alberto alinunua kikubwa zaidi, akatoa diski zake, na hicho kidogo akampa mwenye nyumba.

Hamido alikizungusha mikononi. Alichokipenda zaidi kilikuwa kijitundu cha ufunguo kwenye mlango wa diski.

"Mano Hamido," Alberto alimwambia kwa Kireno, akimwita kaka, "kisanduku hicho bure, lakini diski tafuta nzuri. Tafuta zile zilizotengenezwa kufanya kazi usiku na mchana, siyo za kompyuta ya mezani. Na usinunue mbili zilizotoka pamoja. Moja chukua huku, nyingine kule. Zikiwa za siku moja kiwandani, kasoro ya moja ni kasoro ya mwenzake. Halafu kile unachokipenda sana, weka nakala nyingine nyumba nyingine kabisa."

"Nimekuelewa, enjenheiro," alisema Hamido, na kimoyomoyo akamcheka. Mtu mzima hajaoa, leo anamfundisha yeye kuchagua!

Maana kuchagua Hamido alikujua. Kwao hakuna anayechukua kitu cha kukaa nacho bila kuuliza ukoo. Mchumba huulizwa mama yake nani, dada zake wameolewa wapi, wametulia au wamerudi. Ukiona dada mtu ametulia kwa mumewe, unakwenda kumposa mdogo wake, umemaliza kazi. Hamido mwenyewe alimpata Rachida hivyo, na ingawa dada yake Rachida alikuwa mkimya na Rachida hakuwa hivyo hata chembe, hakuona kwamba njia ile ina kasoro.

Akaenda dukani kwa Alawi. Alawi alikuwa mtu wa asili ya Mtwara, anauza redio, simu, nyaya, betri, na kila kilichovuka mto kikiwa kimefungwa gazeti. Kijana wa duka akaleta diski ya kwanza. Hamido akaipima mkononi, akasema nyepesi. Ya pili akaitia sikioni, akaitikisa, akasema ina mashaka. Ya tatu ilikuwa na karatasi mpya juu na mikwaruzo chini, akamwuliza Alawi kama binti huyu hajawahi kuolewa. Alawi akakiri, huku akitazama pembeni, kwamba binti alikwisha kukaa kwenye kamera za ulinzi za hoteli moja huko Mtwara.

"Na hiyo yako?" Hamido akauliza, akionyesha kwa kidevu mashine ya kamera za dukani, iliyokuwa ikinguruma rafuni.

"Hiyo? Hiyo ina miaka mitatu haijazimwa, haijawahi hata kukohoa."

"Ukoo wake uko wapi?"

Alawi hakuelewa. Hamido akamweleza polepole, kama mshenga. Diski ile ilitoka kwenye boksi gani? Ilikuja na nani? Ndugu zake wako wapi? Alawi akaingia stoo, akapekua, akatoka na boksi lenye vumbi. Zilibaki mbili. Zilikaa kifuko kwa kifuko, na namba zao zilifuatana.

Ungedhani Hamido ameonyeshwa mwezi wa Idi. Akazishika moja huku na moja huku. Zilikuwa za tumbo moja, zimelala pamoja, zimevuka Rovuma kwenye mtumbwi mmoja na kurushwarushwa nyuma ya pikapu moja. Zitasikilizana, haziwezi kugombana. Alizibeba kifuani mpaka nyumbani, na njiani kila aliyemuuliza alipewa hadithi ya posa yote.

Alberto alipoziona alifungua mdomo, akaziangalia namba, kisha akaufunga mdomo. Alikuwa mpangaji, na kodi ya mwezi ule ilikuwa haijalipwa.

Mambo yakaenda vizuri. Rachida akahamishia video zake zote kwenye kisanduku, ile ya Saquina ikiwa ya kwanza. Taa mbili za kijani zikawa zinapepesa stoo, na Hamido alikuwa akiwapeleka wageni kuziona. Kisha siku moja Alberto akabisha mlango, uso umemshuka.

"Mano, televisheni yangu imeingia kwenye kisanduku chenu. Inaniandikia majina ya harusi. Sijafungua hata moja, naapa. Ila ifungeni."

Hamido alizikamata funguo zake kiunoni. Mwanamume mgeni, kitandani kwake, na harusi za wanawake wa pwani nzima ziko umbali wa kidole kimoja! Alikwenda kukitilia kisanduku neno la siri refu kuliko jina la babu yake. Hakuridhika. Akakusanya kadi zote za kamera za Rachida, akazifuta. Akaifuta kompyuta, kisha akaipeleka Pemba, mji mkuu wa jimbo, kwa mwanawe Faizal aliyekuwa akisoma. Halafu akaita wanawake wa ukoo, akasimama mlangoni na kuwapa kisogo, kwa adabu, akatoa amri.

"Yeyote aliyejirushia video ya harusi kwenye simu, afute leo. Kitu cha wanawake hakitembei mifukoni. Kitakaa mahali pamoja, penye ufunguo, na ufunguo ninao mimi."

"Nimesikia, Baba Faizal," alisema Rachida.

"Nimesikia, kaka," alisema Saquina, aliyekuja kutoka Quionga kwa mumewe.

Na wengine wote wakasema wamesikia. Mwanamume mwenye akili angekumbuka kwamba mwanamke wa Palma akikwambia amesikia, amekupa habari za masikio yake, hajakupa habari nyingine. Hamido hakukumbuka. Akaondoka akipiga mbinja wimbo wake, na nyuma yake mtu mmoja akapaliwa.

Ukaja msimu wa joto. Umeme ulikuwa ukienda na kurudi, jenereta ikiwashwa na kuzimwa, na stoo isiyo na dirisha, kwa kuwa dirisha lingehitaji kufuli, ilikuwa tanuri. Alhamisi moja taa ya kwanza ikawa nyekundu.

Hamido hakushtuka. Alijipiga kifua. Si ndiyo maana ya ndugu? Mmoja akianguka, mwenzake anabeba. Alberto, alipoitwa, hakuwa na furaha hiyo.

"Toa kila kitu leo," alisema. "Leo hii. Mimi nina diski yangu ya nje, nakuazima. Hiyo iliyobaki ni ya siku ile ile."

"Diski yako?" Hamido akamtazama. "Nimimine wanawake wetu kwenye diski ya mwanamume?"

"Utazifuta baadaye."

"Haiwezekani."

"Basi nunua yoyote. Iko dukani kwa Alawi, iko sokoni, iko popote."

Lakini Hamido hakutaka yoyote. Alitaka ndugu wa tatu. Kwenye kisanduku chake hakutaka kuingiza mke mwenza asiyejulikana anakotoka. Alawi akasema boksi lile lilikwisha, labda Dar es Salaam, akapiga simu, akaambiwa wataulizia, nao wakaulizana, na siku zikapita. Katika siku hizo zote ile diski ya pili ilibeba mzigo peke yake katika stoo ile ya moto. Na siku Alawi alipotuma ujumbe kwamba amepata moja ya boksi jirani, kisanduku kilikuwa kimeanza kulia ka, ka, ka, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Kisha kikanyamaza. Taa zote mbili zikawa nyekundu, na baadaye hata hiyo nyekundu ikazimika.

Hamido alijifungia humo stoo. Rachida alisikia ufunguo ukizunguka kwa ndani, halafu akasikia kilio, kilio cha mtoto kabisa, kisichojali nani anasikia. Alilia kwamba amemzika mama yake mara ya pili na safari hii ameshika jembe mwenyewe. Rachida, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa neno, alisimama nje ya mlango na maji ya kunywa. Alikuwa na jambo la kusema. Akalimeza kwanza, kwa kuwa halikuwa lake peke yake.

Jioni Hamido alitoka, akamfuata Alberto.

"Hakuna dawa?"

"Maputo wako mafundi wanaozifungua na kuchota kilichomo. Hawaahidi, lakini wanajaribu."

"Ni wanawake?"

Alberto akavua miwani, akaifuta. "Ni wanaume watatu, mano. Na lazima watazame wanachochota, wajue kama kimetoka kizima."

Hapo ndipo Hamido aliponaswa na ufunguo wake mwenyewe. Akizipeleka diski, wanaume watatu wa Maputo watawatazama wake na dada za watu wakicheza vichwa wazi, na aliyewapelekea ni yeye, aliyewafokea wenzake. Asipozipeleka, mama yake amekwisha. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, halili vizuri, na watu waliona ajabu moja: alianza kusahau kufunga kabati la sukari. Mwishowe akamwendea Rachida, sauti ndogo.

"Mama Faizal, niruhusu nizipeleke."

"Mimi nilikuwa nyuma ya kamera," alisema Rachida. "Ruhusa si yangu. Waliomo wako Quionga. Twende ukawaombe."

Wakapanda pikapu asubuhi. Njia nzima Hamido alishikilia mfuko wenye zile diski mbili mapajani, wala hakupiga mbinja. Kwa Saquina walikuta wanawake wamejaa uani wakipepeta mchele wa maulidi, maana Rachida alikwisha kuwapigia simu. Saquina alitundika kanga mlangoni. Hamido akawekewa kiti ukumbini, upande wa pili wa kanga, na kutoka hapo akaanza kusema.

Alikuwa amejitayarishia maneno mazuri, yenye Bismillahi mwanzo na mradi katikati. Yote yalimpotea. Alisema tu kwamba diski zimekufa, kwamba ni yeye aliyezichagua, kwamba aliambiwa akapuuza, kwamba alifuta kila kitu, na kwamba sasa anawaomba, kama watakubali, azipeleke kwa mafundi wanaume Maputo, kwa sababu anamtaka mama yake. Akaishia hapo.

Upande wa pili wa kanga nyungo zilisimama. Halafu mtu mmoja akacheka puani. Wa pili akafuata. Kisha ua mzima ukaanguka kwa kicheko.

"Mnanicheka?" Hamido akasimama. "Mimi nimefiwa, mnanicheka?"

"Kaa, kaka," alisema Saquina, akijifuta machozi, na hayakuwa ya kicheko peke yake. "Nani kakwambia video imekufa? Ninayo mimi. Anayo wifi. Anayo huyu, anayo yule. Wa Mbau wanayo. Wa Quiterajo, ambao hata harusini hawakuja, wanayo."

Hamido alitoa macho kwenye kanga. Kilichomjia kwanza, na hii ndiyo tabia ya mtu, haikuwa furaha.

"Niliwaamuru mfute!"

"Tulikusikia, kaka."

"Mama Faizal! Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyewarushia," alisema Rachida. "Siku ile ile uliyotuamuru, kutoka kwenye simu yangu. Niliogopa. Mtu anayekusanya kila kitu akakiweka mahali pamoja, mimi huniogopesha."

Hamido akakaa. Kiti kililia. Taratibu, kama maji yanavyopanda mchangani, habari ikamfika yote: mama yake hajafa mara ya pili. Alikuwa amekaa kwenye simu za vioo vilivyopasuka, zilizofungwa mipira, zilizoanguka kwenye ndoo na kukaushwa juani, tangu siku ya amri yake, bila ufunguo hata mmoja.

"Nionyesheni," alisema.

"Aka!" wakasema wote kwa pamoja.

"Wewe si ndiye uliyekataza?" alisema Saquina. "Humu tumo vichwa wazi. Utasikia. Kuona, huoni."

Mkono ukapita chini ya kanga, ukaweka simu juu ya ungo wa mchele, kioo kimelazwa chini. Hamido akainama. Kwanza ilikuwa kelele, watu wakiongea pamoja, mtoto analia. Kisha akasikika mtu akikohoa, na Hamido akakijua kikohozi kabla ya sauti.

"Rachida, usinipige miguu, miguu yangu mibaya. Nipige uso," alisema Bi Sabina. "Na mtoto huyo mpeni ziwa. Haya."

Ngoma ikaingia. Naye akaanza, sauti nene, isiyo na haraka:

*Hamido mwanangu, funguo kiunoni,*
*kafunga mlango, kafunga dirisha,*
*katufungia na mchele wa harusi.*
*Haina ukuta, jamani, haina ukuta,*
*nyumba ya mwanangu haina ukuta.*

Wanawake wa kwenye simu wakapasuka kwa kicheko, kile kile alichokisikia siku ile akiwa juu ya kiti mbele ya mchele. Wanawake wa nyuma ya kanga hawakucheka. Hamido hakujinyanyua. Wimbo aliujua. Aliujua wote, mpaka pale unapopanda na pale unapokatika, kwa kuwa alikuwa ameupiga mbinja kila jioni, akifunga.

Wimbo ukaisha. Kelele ikarudi, na ndani yake, karibu kabisa na kamera, Bi Sabina akasema kwa sauti ya kawaida, huku akihema:

"Ila msimwambie. Ataninunia."

Simu ikanyamaza. Wote walijua kwa nini hawakumwambia. Hamido aliinua upande wa nguo yake, akajifuta uso, akasahau kwamba mkononi bado ana mfuko wa diski.

"Rudieni," alisema.

Wakairudia. Wakairudia tena. Mara ya tatu, Bi Sabina alipofika kwenye ukuta, Hamido naye aliitikia kutoka upande wake wa kanga, sauti imekwaruza, na wanawake wakampigia vigelegele bila kumcheka, au labda kwa kumcheka kidogo.

Alipoondoka, diski zake mbili aliziacha juu ya kiti. Alishuka kizingiti, akafika kwenye pikapu, akasimama. Lilimjia wazo. Akarudi haraka mpaka mlangoni, kidole juu, funguo zikilia, anataka kuwaeleza namna nzuri ya kuzitunza zile simu, nani akae na ipi, zifungiwe wapi. Akafungua mdomo.

"Tumesikia, kaka," alisema Saquina kutoka nyuma ya kanga.